Kola ya Komeo

Mbele ya kibanda cha Fundi kuna benchi lisilo na mwenyewe. Ni ubao mmoja uliolazwa juu ya miguu ya chuma ya cherehani mbili zilizokwisha kufa, na umekaliwa mpaka unang'aa kuliko meza ya mkurugenzi. Asubuhi, Fundi akishajaza pasi yake mkaa, makaa yanayobaki huyawekea birika la kahawa, na harufu ikishavuka barabara wenye benchi hujileta wenyewe. Breki, dereva mstaafu wa lori, hukaa mwisho wa kulia kwa sababu ya goti lake. Antena, fundi simu wa kibanda cha pili, hukaa katikati, maana hataki neno limpite. Mwisho wa kushoto ni wa Komeo, mlinzi wa zamu ya usiku kwenye ghala la vigae, anayepita kunywa kikombe kimoja kabla hajakwenda kulala. Wamekaa hivyo miaka kumi na moja, na halijaletwa pale jambo likakosa mtaalamu.

Asubuhi hiyo Komeo alikuja amevaa fulana, shati la kazi kalishika mkononi.

— Fundi, kola tena. Inaninyonga.

Fundi hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. Alikuwa akilitegemea neno hilo, tena akiliogopa.

— Weka hapo juu ya kitambaa.

— Naihitaji leo hii hii. Msimamizi kaniandikia barua. Akinikuta tena kifungo cha juu kiko wazi, nakaa nyumbani.

Akakaa mahali pake, akapokea kikombe. Kikombe kilianza kugonga kisahani, na kahawa ikamwagikia gotini kabla haijafika mdomoni. Benchi likaanza kazi yake.

— Huo mkono vipi? aliuliza Breki.

— Umechoka tu, mzee.

— Umechoka huo, na huo mwingine je? Mimi nimeendesha lori miaka thelathini, bwana. Gari limesimama, hujakanyaga kitu, na bado linatikisika, ujue injini inazunguka kasi kuliko inavyotakiwa. Dawa yake ni kupunguza mafuta. Wewe unakula sana.

— Anakula sana? Antena aligeuka. Mbona suruali inamvuka?

Ni kweli ilikuwa inamvuka. Mkanda wa Komeo ulikuwa na matundu mawili mapya, yametobolewa kwa msumari.

— Kula nakula, alisema Komeo. Nakula sahani mbili, nafuatisha na mkate. Mama watoto ananiuliza kama kuna mtu namlisha njiani. Na joto! Wenzangu getini wamevaa makoti, mimi natafuta kitu cha kujipepea.

— Na kulala?

— Nalala saa moja, moyo unaniamsha. Unapiga mpaka nausikia kwenye mto.

Alisema kwa kucheka, na wenzake wakacheka naye. Fundi peke yake hakucheka. Alikanyaga cherehani kwa nguvu ili aonekane ana kazi.

Antena akakohoa, dalili kwamba somo linaanza.

— Tatizo lako mimi nalijua. Ni ile redio ya upepo unayoning'iniza begani. Mawimbi yake yanaingilia hapa hapa shingoni. Usiku kucha! Simu tu ukiiacha kwenye chaji inavimba betri, sembuse shingo ya mtu.

— Wacha kutia chumvi, alisema Breki. Walinzi wangapi wana redio na shingo zao zimetulia? Mwenzetu huyu tatizo lake ni kelele.

— Kelele gani?

— Za mwizi. Mlinzi kila usiku anajiandaa kupiga kelele, anavuta pumzi kabisa, halafu mwizi haji. Miaka kumi na moja hajazitoa! Unafikiri zinakwenda wapi? Zimejaa pale, ndizo hizo.

Komeo alijishika chini ya koo. Palikuwa na uvimbe laini, mpana, uliopanda na kushuka alipomeza. Kwa sekunde moja alionekana kulifikiria jambo la kelele kwa dhati.

Basi hapa lazima tuseme habari ya Fundi, maana ukimya wake haukuwa wa bure. Mwalimu aliyemfundisha ushonaji alimwachia sharti moja: kipimo cha mteja hakisomwi kwa sauti. Unavuta tepu, unaangalia, unaandika, unafunga daftari. Wengine hawataki kiuno chao kijulikane, wengine kifua. Fundi alilishika sharti hilo tangu ujana, na wateja walimpendea hilo kuliko hata mishono yake.

Mwezi wa pili Komeo alipoleta kola ya kwanza, Fundi alimpima shingo akakuta imezidi nusu inchi. Fundi wa kweli hashuku shingo ya mtu, anashuku mkono wake. Akajilaumu, akasogeza kifungo, na jioni akaitupa tepu yake ya zamani akiamini imelegea, akanunua mpya. Mwezi wa tano kola ikarudi. Tepu mpya ikasema inchi nzima zaidi, na kiuno kikasema pungufu. Hapo hakuwa na tepu ya kulaumu. Akakata kola nyingine, kubwa, akaishona vizuri kiasi kwamba uvimbe haukuonekana kabisa. Komeo akaondoka nadhifu, Fundi akabaki na daftari.

Antena alikuwa ameshafika kwenye tiba. Alitoa karatasi iliyokunjwa mfukoni.

— Dada yangu alikuwa na shingo hivyo hivyo. Tezi. Hospitali wakampa hivi vidonge, na mwaka sasa yuko safi kabisa, anapika sufuria la shule nzima. Nimekuchukulia kumi.

— Anajua kwamba ni mimi? aliuliza Komeo.

— Hajui hata kwamba vimetoka. Wewe meza.

— Namezaje?

— Yeye anameza kimoja asubuhi. Wewe mwanamume, una mwili. Anza na viwili.

Breki akatikisa kichwa kukubali, ingawa hakuwa ameulizwa. Komeo alimimina vidonge viwili kiganjani. Viliruka ruka kwa ule mtetemeko, ikabidi avifumbate. Uso wake ulikuwa umejaa matumaini, na hilo ndilo lililomchoma Fundi. Alitaka kusema. Neno likafika mdomoni likarudi.

— Hiyo karatasi naijua, sauti ilisema kutoka upande wa barabarani. Na mwandiko ulio juu yake naujua.

Alikuwa dada yake Antena mwenyewe, mpishi wa shule, amekuja kuchukua gauni lake.

— Shikamoo dada, Antena alisimama haraka mno.

— Marahaba, mwizi. Shikamoo mzee.

— Marahaba, mama, alijibu Breki, akitazama goti lake.

— Dada, ni kumi tu, Antena alijitetea. Tunamsaidia mtu.

Dada alimpita. Alimwinamia Komeo.

— Kaka, hebu rudisha hivyo kwenye karatasi kwanza. Haya. Wewe unasikia baridi?

— Baridi? Nalala sakafuni dada, nafuata ubaridi wa saruji.

— Unanenepa?

Benchi zima likacheka, mpaka Komeo.

— Mimi nilikuwa nanenepa kwa uji usio na sukari, alisema dada. Navaa sweta jikoni, mbele ya moto! Nalala nimesimama na mwiko mkononi. Nywele zinabaki kwenye kitana. Tezi yangu ilikuwa imezembea, hivi vinaifanyia kazi yake. Yako wewe naona kama inakimbia. Lakini mimi napika, si daktari. Hata daktari wangu hakujua kwa kunikodolea macho, alitoa damu kwanza, ndipo akasema ni nini na nimeze kiasi gani. Wewe damu yako imetazamwa na nani?

Komeo alimtazama Breki. Breki alimtazama Antena. Antena akapanga upya vidonge ndani ya karatasi.

— Basi niambieni hili jepesi, maana ndilo atakalouliza kwanza. Shingo imeanza lini?

— Juzi juzi, alisema Komeo.

— Juzi gani? Tangu zile mvua, alisema Breki.

— Mimi nimeiona wiki hii, Antena alikiri.

Watu wawili waliokunywa naye kahawa kila asubuhi kwa miaka kumi na moja, na mwenyewe wa tatu, na hakuna aliyejua. Kisha wote wakagundua kwamba cherehani imenyamaza.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na daftari. Alilowesha kidole, akafunua kurasa, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kushika mkasi akasoma kipimo cha mteja kwa sauti.

— Mwezi wa kwanza, sare mpya. Shingo kumi na tano. Kiuno thelathini na sita. Mwezi wa pili, shingo kumi na tano na nusu, kiuno thelathini na tano. Mwezi wa tano, shingo kumi na sita na nusu, kiuno thelathini na tatu.

Akachukua tepu, akaizungusha shingoni kwa Komeo taratibu, halafu kiunoni.

— Leo, mwezi wa nane. Kumi na saba. Thelathini na moja.

Komeo alihesabu kwa vidole.

— Miezi saba, Fundi, alisema Komeo.

— Miezi saba.

— Na ukanyamaza.

— Mara ya kwanza nilidhani nakosea mimi. Nilinunua hata tepu mpya.

— Na mara ya pili?

Fundi alikunja daftari, akalikunjua.

— Mara ya pili niliona. Nikaona aibu kumwambia mtu mzima kwamba anakwisha. Nikakushonea kola kubwa. Nisamehe, ndugu yangu.

Komeo aliushika mkono wa Fundi akaubandika kifuani kwake. Alikuwa amekaa pale nusu saa nzima, hajanyanyua hata ndoo, na moyo ulikuwa unakwenda kama cherehani iliyokanyagwa na mwanafunzi.

— Unasikia? Ndivyo unavyofanya siku zote. Naogopa, Fundi. Nacheka tu.

— Basi twende.

Fundi alichana ukurasa ule kwenye daftari, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaukunja mara mbili. Akamwachia Breki birika na mama mpishi gauni lake. Komeo alivaa shati la kazi, akaanza kuhangaika na kifungo cha juu. Vidole vilikataa.

— Nifungie, hospitali siendi kama mhuni. Na msimamizi…

Fundi aliufikisha mkono kwenye kola ile aliyoikata mwenyewe, akaizuia kwa kidole, kisha akaifungua hadi kifungo cha pili.

— Leo iache wazi. Waione.

Hospitali walimhesabia mapigo ya moyo mara mbili, maana mara ya kwanza muuguzi hakuamini hesabu yake. Daktari aliusoma ukurasa wa daftari kwa makini kuliko alivyoisoma kadi, akauliza ni nani mwenye kuandika vizuri namna hii, akaubana kwenye faili. Wakatoa damu. Majibu yalipotoka, tezi ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Komeo alipewa dawa za kuipunguza na nyingine ya kuutuliza moyo, na tarehe ya kurudi kupimwa damu tena. Alipotaja vile vidonge viwili vya kiganjani, daktari aliweka kalamu mezani. Vingeukimbiza zaidi moyo ambao tayari unakimbia, alisema, na asingependa kufikiria ungefika wapi. Akaandika na barua fupi kwa msimamizi, kuhusu kifungo.

Mwezi wa kumi Komeo alikuja benchini na suruali mkononi, ile ambayo Fundi alimpunguzia kiuno mwezi wa nane. Kikombe alikishika kwa mkono mmoja, na kahawa yote ikafika mdomoni. Antena alikuwa na nadharia kuhusu hilo, lakini dada yake alikuwa dukani jirani, akaimeza.

— Fundi, kiuno kinabana, alisema Komeo.

Fundi alivuta tepu, akaangalia. Penseli ikasimama juu ya daftari.

— Niseme?

— Sema, bwana. Wasikie.

— Thelathini na tatu!