Shafti za Pampu ya Daa

Ndugu waombolezaji, marehemu mzee wetu Wilibrodi Hhando alizaliwa tarehe 4 Machi 1938 huko Kansay, akasoma shule ya msingi Karatu, akajifunza ufundi wa vyuma Moshi, na tarehe 9 Septemba 1967 akafunga ndoa na mama yetu Hyasinta, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1971 aliajiriwa na karakana moja mjini Arusha kusimamia mashine ya kupimia vipuri, na kwa kuwa alijua kwamba mashine nayo hukosea, reli zake zikilika na chuma kikipata joto, alitunga hesabu ya kukadiria kosa hilo na kuliondoa katika kila kipimo, wenzake wakamwamini kuliko mashine yenyewe.

Mwaka 1978, akiwa na haraka ya kuja nyumbani kwa sikukuu, alipitisha shafti, vyuma vinavyozunguka ndani ya pampu, za pampu ya maji ya kijiji cha Daa kwa hesabu ya asubuhi, ilhali ulikuwa mchana na bati la karakana linachoma. Shafti zilipopoa zikawa nyembamba, zikacheza, pampu ikafa, na kina mama wakarudi kuchota bwawani pamoja na ng'ombe. Alipoitwa kukagua, akamnyooshea kidole mwendeshaji wa pampu hiyo, Josephati, mbele ya mkutano: "Huyu ameiendesha bila oili." Josephati akafukuzwa, akahamia Loliondo na wanawe.

Aliporudia vipimo, mzee akaona kosa ni lake, akanyamaza miaka mitatu, na njia ya Daa akawa anaikwepa. Mwaka 1981 alimfuata Josephati, akamweleza ukweli, naye akamjibu, "Mimi nimekusikia, kaka, lakini Daa hawajasikia." Mzee alirudi, akafika hadi mlangoni pa ofisi ya kijiji, aibu ikamshinda, akageuka. Ndiyo maana aliagiza haya yasomwe leo, watu wa Daa mkiwepo, nasi familia tunayasoma nyuso zikiwa chini.

Januari 1986 alianza kuugua tumbo, akalazwa, na akafariki dunia alfajiri ya tarehe 17 Mei.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kansay, na wafanyakazi wenzake waliotoka Arusha. Josephati alifika jana kutoka Loliondo, amesimama kule nyuma, hatumwombi aseme neno. Tunaomba apishwe njia, aje aketi huku mbele pamoja na familia.

Mzee wetu, mzigo umeutua, upumzike kwa amani.