Mayai Yaliyoshuka Korogwe

Benchi lenyewe lilikuwa taruma la reli, gogo la kulazia vyuma vyake, lililowekwa juu ya mawe mawili nje ya stesheni ya Korogwe, enzi zile Mwingereza bado anatupigia filimbi ya kuondoka na yeye mwenyewe hataki kuondoka. Pembeni lilikaa jiko la mkaa la Athuman, na juu ya jiko birika la kahawa chungu iliyoweza kumwamsha hata karani wa tiketi. Waliokalia taruma lile walikuwa na kazi moja tu, kujua mambo. Semboja, waliyemwita Kengele kwa kuwa aliigonga kengele ya stesheni miaka kumi na tisa mpaka bega likagoma, alijua yote yahusuyo safari. Muhidini, maarufu kwa jina la Hakika, fundi baiskeli asiyeletewa baiskeli, alijua yaliyobaki. Nafasi ya mwisho, ile inayopigwa na jua, ilikuwa ya mzee Habakuki wa Kilole, nayo ilikaa tupu wiki tatu. Asubuhi hiyo akatokea, kikapu amekikumbatia kifuani kama anayempeleka mgonjwa kwa daktari.

— Lo! Mzee Habakuki! — Kengele akapaza sauti. — Sisi tulishasema huyu kahamia Dindira, anachuma chai na mafua.

— Nilikuwa nyumbani.

— Wiki tatu zote?

— Wiki tatu na siku moja.

Kutoka benchini hadi mlangoni kwake ni mwendo wa kumaliza sigara moja, na hakuna aliyekwenda kumwona. Habakuki akangoja aulizwe neno jingine. Hakika akauliza:

— Kikapuni kuna nini?

Habakuki akakiweka kikapu chini, kando ya jiko, akafunua kitambaa. Mayai kumi ya bata, kila moja limechorwa alama ya mkaa ubavuni.

— Ebo! Umeyachanja ndui? — akauliza Hakika.

— Alama ya kugeuzia. Asubuhi mkaa juu, mchana mkaa chini. Usipoweka alama unageuza lile lile, jingine unalisahau.

Basi ikabidi aeleze, na maelezo yakaanzia mbali. Tangu mkewe Grasiana azikwe masika iliyopita, ua wake ulikuwa umenyamaza. Grasiana alifuga bata, na bata wa Grasiana walikuwa hawana adabu: wanapiga kelele alfajiri, wanaingia jikoni bila hodi, wanamzomea mgeni. Wakachinjwa wote kwenye matanga. Benchi zima lilikula. Hakika alikula mapaja mawili na akasifia mchuzi. Watu walipoondoka, Habakuki akabaki na karai la kuogea bata, kavu, limepinduka uani. Ndipo akakumbuka kwamba zamani Grasiana alimpa dada yake Bernadina, aliyeolewa Moshi, jozi moja ya bata hao. Akaandika barua. Bernadina akatuma mayai kumi na mawili kwa gari moshi, ndani ya debe lililojaa pumba za mpunga. Mawili yalifika na nyufa.

— Sasa bata wa kuyalalia uliazima wapi? — Kengele akauliza.

— Sikupata. Mpishi mmoja wa shamba la mkonge kanifundisha. Unachukua kasha la chai, unatia taa ya chemli, unaweka bakuli la maji, unageuza mara tatu kwa siku. Kwanza niliyapumzisha siku nzima, maana yametoka safari.

— Na uji uliyapa?

— Kengele, niache. Mpishi kasema siku ya ishirini na moja nitasikia milio. Jana ilikuwa ishirini na moja. Sikusikia kitu. Asubuhi hii nimezima taa. Naenda kuyatupa mtoni. Nimepita tu.

Hakupita tu. Njia ya mtoni haipiti stesheni. Alipita kwa sababu alitaka mtu mmoja, yeyote, amwambie asiende.

Lakini benchi lilikuwa limeshapata mada, nalo likishapata mada mwenye mada husahaulika.

— Kosa ni la treni, — akasema Kengele, akijinyoosha. — Mimi laini ya Moshi naijua kama meno yangu. Kahe inagonga, Same inagonga, Hedaru inagonga mpaka kofia inaanguka. Kifaranga humo ndani kalewa safari. Hajui mdomo uko wapi na mkia uko wapi. Atatobolea nini?

— Hakika siyo, — akasema Hakika. — Ni joto. Yai hili limezaliwa kwenye baridi ya mlima. Kifaranga kapapasa ganda, kakuta Korogwe inaungua, kasema kama nje ndiyo huku, mimi nimeshapanga humu.

— Wote mmekosea, — Athuman akadakia huku akipuliza mkaa. — Ni ile chemli. Bata jike ana moyo, unadunda. Kifaranga anausikiliza usiku na mchana. Sasa chemli inadunda? Kimya tupu! Anasema, basi, mama amekufa, natoka niende kwa na...

Akameza neno. Vikombe vikashuka. Habakuki akatazama karanga zilizomwagika chini ya taruma, akazihesabu, akazirudia kuzihesabu.

Kengele, ambaye hakuweza kuvumilia ukimya hata wa kanisani, akaruka juu.

— Nimepata! Hawa hawajui kama wamefika! Abiria gani anashuka kabla stesheni haijaitwa? Bernadina kawapandisha Moshi, sawa. Nani kawaambia hapa ndipo? Wiki tatu wamekaa na tiketi mkononi wanangoja!

Akakiinamia kikapu, akaweka viganja mdomoni, akaitoa ile sauti ya miaka kumi na tisa:

— Koroo-gweee! Korogwe hapaaa! Wa Kilole shukeni, msisahau mizigo!

Mle stesheni mama mmoja akainuka kwa kishindo, akajitwika furushi, akatoka mbio, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi.

— Gari liko wapi? Limeshafika?

Benchi likaangua kicheko. Athuman alicheka mpaka akaegemea birika likamuunguza. Habakuki naye akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikamuuma mbavu, na papo hapo akataka kumwangalia Grasiana, kama alivyozoea anapocheka.

— Tusamehe, mama, — akasema Athuman. — Gari la Tanga bado. Huyu anayaita mayai.

— Shikamooni, wazee. Mimi Mwaija, nimetoka Kang'ata, naenda kumwona binti yangu Tanga. Sasa mayai yanaitwa?

— Marahaba, mama. Kaa unywe kahawa. Hapa kila kitu kinaitwa.

Mwaija akakaa, akavaa kiatu. Habakuki alikuwa bado anafuta macho kwa ncha ya koti, na ndiyo maana hakuuona mkono wa Hakika ukiingia kikapuni.

— Maneno mengi hayana faida, — akasema Hakika. — Tuangalie moja, tujue hakika.

— Muhidini, usi...

Yai likagongwa kwenye ukingo wa taruma, likafunguka mikononi mwa Hakika.

Halikunuka. Lilikuwa na damu, na kiini kilichobaki nusu, na juu ya kiini bata mdogo aliyejikunja, manyoya yameshamlalia mgongoni, mdomo mpana kama kijiko cha mtoto. Mguu mmoja ukasukuma. Ukasukuma tena, polepole, kama mtu anayeondoa shuka. Kisha ukaacha.



— Alikuwa hai, — akasema Athuman.

Hakika alibaki amenyoosha mikono mbele, hajui aiweke wapi. Mwaija akafungua furushi, akatoa kipande cha kanga, akampokea yule kiumbe na kumfunika. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

— Kwani bata hukaa kwenye yai siku ngapi?

— Ishirini na moja, — Hakika akasema haraka.

— Hiyo ni kuku, baba. Kuku hata kwetu ni ishirini na moja. Bata sisi hatufugi, ndiyo nauliza. Bata ni siku ngapi?

Hakika akamtazama Kengele. Kengele akamtazama Athuman. Athuman akalitazama birika, na birika likatoa mvuke.

— Grasiana alikuwa anajua, — akasema Habakuki.

Aliishi naye miaka thelathini na moja. Kila mwaka alimwona akiweka bata, akiondoa bata, akihesabu kwa vidole huku anasonga ugali. Hata siku moja hakumuuliza anahesabu nini.

Akapiga magoti, akayachukua mayai tisa yaliyobaki, moja moja, akayatia ndani ya koti, kwenye ngozi ya tumbo. Yalikuwa na joto bado, upande ule ulioelekea jiko. Athuman akaipua birika, akaimwaga kahawa yote chini, akachota makaa kwenye kopo la bati, akampa.

— Yasipoe njiani, mzee.

Kengele akainuka nusu, kama anayetaka kusindikiza. Akasubiri kuombwa. Habakuki akasubiri kuambiwa twende. Gari la Tanga likapiga honi upande wa Mombo, Kengele akageuza kichwa kwa mazoea, na alipokirudisha mzee alikuwa ameshavuka reli.

Nyumbani Habakuki akawasha chemli, akajaza bakuli maji, akayapanga mayai tisa ndani ya kasha, mkaa juu. Nafasi ya la kumi akaiacha wazi. Uani akalipindua lile karai likae sawasawa. Kisha akavuta kigoda, akakaa. Kungoja hadi siku gani, hakujua. Hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Akainamisha mdomo kwenye mfuniko.

— Korogwe, — akasema kwa sauti ndogo. — Korogwe hapa. Shukeni taratibu.

Akatega sikio.