Bwana Alituponya Wawili, Mimi na Mwajuma

Bwana asifiwe, kanisa la Dzaleka! Asifiwe tena, maana leo mama yenu nasimama kwa miguu yangu!

Mi njo Mama Riziki, mnanijua kwa cherehani yangu. Lakini ndugu zangu, kabla sijapata nyumba hapa kambini, nilikuwa mama wa kulala sokoni. Vita ilitutoa Uvira, kwetu Kongo, mume wangu akafia njiani, nikafika Lilongwe, hapa Malawi, peke yangu. Pale soko la Kawale nililala chini ya meza za wauza nyanya, pamoja na mama mmoja Mkongo, Mwislamu wa Kindu, Mwajuma, aliyekuwa anauza maandazi. Mkeka wetu ulikuwa mmoja.

Hapo damu ikaanza kunitoka. Si ya mwezi, hiyo ilishakoma zamani. Kisha harufu. Wanawake wengine wakasogeza mikeka yao mbali. Mwajuma hakusogea!

Nikaenda zahanati. Karani akauliza, "Unakaa wapi?" Nikasema, sokoni. "Soko si nyumba, mama. Upate kwanza mahali pa kukaa." Ndugu zangu, nilirudi nikilia. Nikamwambia Mungu, kama umeamua, basi nichukue.

Mwajuma akakataa. "Dada, Mungu hajakuita, we njo unajiita. Funga kitenge, twende!"

Akanipeleka zahanati nyingine, mtaa wa Area 23. Karani wa kule naye akauliza nakaa wapi. Kabla sijafungua mdomo, Mwajuma akajibu, "Anakaa na mimi!" Na ilikuwa kweli tupu! Karani hakumuuliza yeye anakaa wapi.

Muuguzi, mama Mmalawi, akanilaza kitandani. "Amayi, musaope," akasema, mama, usiogope. Akamulika taa, akaangalia mlango wa kizazi, akaona kidonda. Akanituma hospitali kubwa, na madaktari wakakitoa kizazi chote. Wakaniambia kidonda kile kilikuwa kansa, lakini ilikuwa bado haijatoka nje ya kizazi. Aleluya!

Siku tuliyorudi kumshukuru muuguzi, akamgeukia Mwajuma. "Na wewe, umeshapimwa?"

Mwajuma akacheka. "Mi sina damu, sina maumivu. Nipimwe nini?"

Nikamshika mkono. "We ulinileta nikilia. Leo mi nakuleta ukicheka. Panda kitanda!"

Akapanda akinung'unika. Wapendwa, aliposhuka hakucheka tena. Huyo mzima wetu naye alikutwa na alama za ugonjwa, changa kabisa, hata hazijawa kansa. Wakamkata sehemu ndogo tu, akapona, akarudi kwenye maandazi yake. Hebu fikirini, kama angengoja damu kama mimi!

Leo sisi ni majirani hapa kambini. Yeye anaswali kwake, mi naimba hapa, jioni tunakula nsima, ugali wa huku, sahani moja. Nashona, nashiba, nalala usingizi. Nimshukuru Bwana namna gani?

Mama zangu, dada zangu, msione haya. Aliyeumba mwili wako haoni haya kuuponya. Mtegemee, lakini usikae ukingoja maumivu, nenda ukaangaliwe ungali mzima. Na kama hauna nyumba, hauna mume, hauna wa kukusindikiza, kesho asubuhi naenda zahanati na bamama wawili. Njoo mlangoni kwangu. Tutatembea polepole, tukiimba. Amina!