Hapana Nne Zilizoandikwa Kauli Moja

Mheshimiwa Rais wa Benki. Waheshimiwa Wakurugenzi wa Bodi, mlio kazini na mliostaafu. Ndugu Makamu wa Rais. Ndugu Mwanasheria Mkuu. Wakuu wa idara. Wakalimani wa vibanda vya vioo, mlionifanya miaka yote nionekane najua lugha nyingi. Ndugu zangu wa jikoni, wa lifti na wa getini. Mume wangu na wanangu mlioketi meza ya mwisho. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana, habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi za kuaga. Mtanisamehe nikisimama upande upande, maana tangu asubuhi sijaweza kutulia kitini, na mume wangu ni shahidi, kifungua kinywa chote amekula yeye. Nimesikia mkinisifu hapa kwamba kwa miaka ishirini na tisa nimeandika kumbukumbu za Bodi bila kosa. Nawashukuru kwa moyo wote. Lakini sifa hiyo si ya kweli, na siwezi kuibeba hadi nyumbani.

Wageni wetu huenda wanajiuliza Bodi ni kitu gani hasa. Benki hii ni ya nchi mia moja na sitini, lakini mezani kuna viti ishirini na vinne tu. Nchi kubwa zina kiti kila moja. Nyingine zinabanana, kiti kimoja kinasemea nchi kumi, kingine nchi kumi na tisa, na uzito wa kura unafuata hisa, hautazami idadi ya watu wala ukubwa wa shida zao. Mkataba wa Benki unasema Rais atachaguliwa na Bodi kwa kura. Je, mnafikiri ndivyo ilivyokuwa? Wakubwa walikuwa wanakubaliana kwa simu, jina linaletwa, Mwenyekiti anauliza kama kuna pingamizi, watu wanatazama glasi zao za maji, nami naandika: Bodi imemteua kwa kauli moja. Nimeandika hivyo mara nne. Mara tatu ilikuwa kweli.

Miaka kumi na moja iliyopita, kile kiti cha nchi kumi na tisa kilikaliwa na mama mmoja aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuingia wizarani kwao. Sisi wafanyakazi tulimwita Mama Kifungu, kwa sababu ukimwambia jambo lolote, hata kwamba lifti imeharibika, atakuuliza, "Kifungu gani kinasema?" Na aliyekuwa anaongoza kikao siku ile alikuwa mkurugenzi mkongwe kuliko wote, tuliyemwita Bwana Muafaka. Nakuona, Mheshimiwa, meza ya pili. Habari za siku nyingi.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Ukumbi ule mnaujua ulivyo na baridi, akina mama wote tulikuwa tumejifunga mitandio. Jina lililetwa. Lilikuwa jina lako, Mheshimiwa Rais.

Bwana Muafaka akasema, "Basi, naona tumeelewana."

"Hatujaelewana, Mwenyekiti," akasema Mama Kifungu. "Mimi nasema hapana."

"Mheshimiwa, hapa hatuna desturi ya kupiga kura."

"Desturi hiyo iko kifungu gani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema hana ugomvi na mtu aliyetajwa, ila nchi zake zimeleta jina la pili, la gavana mstaafu wa benki kuu mwenye sifa zote, na hata barua yake haijafunguliwa. Kisha akasema maneno ambayo nayanukuu kama yalivyo kwenye kanda ya sauti ya kikao: "Mdogo wangu ni muuguzi. Benki hii iliweka sharti la mkopo kwamba nchi yetu isiajiri wauguzi wapya kwa miaka mitatu. Mdogo wangu yuko peke yake kwenye wodi ya vitanda arobaini. Ameniuliza, dada, hao waliopanga hivi mnawachagua vipi? Nilishindwa kumjibu. Leo nataka nipate jibu la kumpelekea."

Halafu mkono mwingine ukainuka, na mwingine, na mwingine. Viti vinne vikasema hapana, na viti vinne hivyo vilisemea nchi hamsini na mbili. Bwana Muafaka akawashukuru kwa maoni yao, akafunga kikao.

Kabla sijavua mtandio, Bwana Muafaka alikuwa ameshafika ofisini kwangu. Akakaa kwenye kona ya meza yangu, juu ya karatasi zangu.

"Dada, andika kama kawaida."

"Mheshimiwa, wanne wamekataa."

"Hawajakataa, wametoa maoni." Akaokota kalamu yangu, akaichezea. "Hivi mkataba wako unakwisha lini?"

Ulikuwa unakwisha mwezi wa sita. Mume wangu alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa figo, na matibabu yake yalikuwa kwenye bima ya kazi yangu. Sisemi haya ili mnihurumie. Nasema ili mjue jinsi jambo kubwa la nchi mia moja na sitini linavyoweza kuamuliwa kwenye kona ya meza, kwa swali dogo linaloulizwa kwa upole. Niliandika: kwa kauli moja.

Kikao kilichofuata kilikuwa cha kuthibitisha kumbukumbu. Mama Kifungu akanyoosha mkono. "Mwandishi yupo hapa. Naomba aulizwe alisikia nini."

Nyuso ishirini na nne zikanigeukia. Nikasimama. Nikashika meza. Nikasema, "Kumbukumbu ziko kama zilivyoandikwa."

Wanasheria mliopo mtakubali kwamba sentensi ile haina uongo hata chembe. Ndiyo maana inanisumbua zaidi.

Wakati wa chai nilijibanza nyuma ya birika kubwa, nikijua Mama Kifungu atakuja kunisema. Akaja kweli. Akanishika bega, akasema, "Pole, dada. Najua una mgonjwa." Akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Ndugu mshereheshaji, naona unanionyesha saa. Nivumilie kidogo, nimebakiza sehemu iliyo ngumu.

Mama Kifungu alikuwa amemwandikia waziri wake kwamba viti vinne vilipinga. Waziri akaletewa kumbukumbu zangu, zenye muhuri. Akamuuliza kwa simu, "Mbona hapa wote wamekubali? Unanidanganya mimi?" Mawaziri wa zile nchi nyingine wakauliza hivyo hivyo. Wale wakurugenzi watatu walipoona upepo unakoelekea, wakanyamaza. Miezi minne baadaye aliitwa nyumbani, muda wake ukiwa haujafika hata nusu. Aliondoka kama mzushi. Mimi mkataba wangu ukaongezwa, na mwaka ule ule nikapewa cheti cha mfanyakazi bora.

Mheshimiwa Rais, nakuomba radhi kwa kusema haya mbele yako. Sijui kama ulijua, na leo sikuulizi. Lakini kuna hesabu moja ambayo imeninyima raha miaka yote hii. Vile viti vinne, kwa pamoja, vilikuwa na kura kumi na tatu tu katika kila mia. Ungeshinda kwa themanini na saba! Ungeingia ofisini mchana kweupe, kwa kura zilizohesabiwa, na hakuna ambaye angeweza kusema neno. Sasa wakubwa walikuwa wanaogopa nini? Nimejiuliza swali hili nikipika, nikipiga pasi, nikiwa kwenye foleni ya daktari na mume wangu. Nafikiri waliogopa kwamba mtu akiandikwa mara moja kuwa amesema hapana, siku nyingine atasema tena, na barua ya jina la pili italazimika kufunguliwa.

Kanuni za masjala zinamruhusu mwandishi kusahihisha kumbukumbu zake mwenyewe kabla hajastaafu, mradi aambatishe kanda ya sauti. Mwezi uliopita niliomba kanda ile. Nimeisikiliza mwanzo hadi mwisho. Leo saa tatu asubuhi nimewasilisha masahihisho ya kurasa mbili, yametaja viti vyote vinne na nchi zote hamsini na mbili, na yamepigwa muhuri wa kupokelewa. Kwa kanuni hizo hizo, lazima yasomwe mbele ya Bodi katika kikao kinachofuata. Kikao hicho ni Alhamisi. Ni kikao cha kumchagua Rais mpya.

Nilimpigia simu Mama Kifungu. Siku hizi amerudi kufundisha hesabu, na nyuma yake nilisikia kelele za wanafunzi. Nilimweleza yote, nikamwomba aje leo akae hapa mbele.

Kisha akasema, "Umechelewa, dada. Mdogo wangu ameshaacha uuguzi."

Nikamwambia najua nimechelewa.

"Siwezi kuja, nina vipindi," akasema. "Lakini mtumie nakala yule waziri wangu. Amestaafu, yuko kwake. Nataka aisome akiwa na nguvu bado."

Nakala imetumwa leo asubuhi. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwomba.

Waheshimiwa Wakurugenzi, Alhamisi mtaletewa majina. Safari hii nasikia ni mawili, na barua zote mbili ziko kwenye makabrasha yenu. Zifungueni. Mkikubaliana wote, ni heri, iandikwe hivyo. Asiyekubali, aandikwe kwa jina la kiti chake na nchi zake, hata kama kura zake hazibadilishi kitu siku hiyo.

Mwandishi anayepokea kazi yangu ni yule dada aliyesimama karibu na mlango, mwenye gauni la kijani. Ana mama mzee anayemtegemea, na mkataba wake ni wa mwaka mmoja. Ana masikio mazuri na mwandiko mzuri. Atakachokisikia atakiandika. Kikao kikiisha, tafadhali, asiwepo wa kumfuata ofisini.

Nawashukuru nyote kwa kazi tuliyofanya pamoja, na kwa kunipa masikio yenu hadi neno la mwisho.