Injini Yenye Njaa

Mshona viatu alikuwa amefumba macho ndani ya treni, lakini masikio hayana pazia. Kiti cha mbele, mkunga aliyepakata kabureta, kile chombo cha kuilisha injini petroli, kama kichanga alikuwa akimweleza fundi wa jenereta, mzee aliyeketi naye, habari za pikipiki yake ya magurudumu manne. Kabureta zake mbili za awali zilikufa, akaifunga hii moja ya dukani; leo aliifungua kumpelekea muuzaji, na sasa anairudisha kwenye pikipiki iliyobaki kituoni.

"Tambarare inakwenda. Mlimani, nikivuta mafuta hadi mwisho, inakohoa na kuchemka."

"Plagi ina rangi gani?"

"Nyeupe pe."

"Siyo kahawia? Basi ina njaa ya petroli hiyo. Tafuta kijitundu cha mafuta kikubwa zaidi, kile kijiskrubu cha shaba ndani ya kabureta."

"Aliyeniuzia alisema nisiguse kitu."

"Mama, injini hiyo oili yake unaichanganya kwenye petroli. Ukiinyima petroli, umeinyima na oili. Pistoni itagandia humo ndani."

Mshona viatu akafumbua jicho moja. Hakujua kwamba chuma nacho hufa kwa kiu.

"Kuna mjamzito kule juu, siku zake zimetimia," mkunga akasema. "Kijitundu hicho nitakipata wapi leo?"

"Panda kwa miguu."

"Mwendo wa saa tatu nzima, mzee?"

"Ikikwama njiani, utatembea vilevile."

Treni ikafunga breki. Mkunga akaikumbatia kabureta yake, akashuka. Mzee akachungulia dirishani, sauti yake imelainika: "Basi ipandishe polepole, mwanangu!"

"Na uchungu nao niuambie uje polepole?" mkunga akajibu, bila kugeuka.