Madaftari Kumi na Saba ya Jytte Ravnholt

Ijumaa ya tarehe 28 Juni 2024, saa nane mchana, Jytte Ravnholt atazima taa ya mezani kwake katika Idara ya Mazingira ya mji wetu wa Strandmagle, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane na miezi minne. Kwa muda huo wote amekuwa na kazi moja: kupokea simu za wananchi wanaolalamikia kelele za ndege. Wakuu wa idara wamepita tisa. Ndege zimepita nyingi zaidi, na zilikuwa na mwelekeo unaoeleweka.

Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1986 kama mpiga chapa. Siku yake ya pili kazini, simu ya meza ya dirishani ililia mara kumi na nne bila mtu kuinuka. Jytte, aliyelelewa vizuri, akaipokea. Hakuna barua ya uteuzi katika jalada lake. Uteuzi ulikuwa huo.

Kwa kazi hiyo hakuhitaji mafunzo. Alizaliwa hapa hapa, katika nyumba za matofali ya njano ambazo barabara yake inaishia kwenye uzio wa uwanja wa ndege. Kama sisi sote, alijifunza utotoni kunyamaza katikati ya sentensi ndege ikipita, kisha kuendelea na neno lile lile alipoachia. Wageni kutoka mji mkuu, Kopenhagen, hudhani sisi ni watu wa busara wanaopima maneno. Ukweli ni kwamba tunasubiri ndege ipite. Nusu ya mji inafanya kazi uwanjani na nusu nyingine inaulalamikia, na mara nyingi nusu hizo mbili zimeoana.

Jytte hakuwahi kumwambia mtu kwamba suala lake linashughulikiwa. Aliuliza maswali matatu: ilikuwa saa ngapi, ilitoka upande gani, na wewe ulikuwa unafanya nini? Swali la tatu halikuwemo kwenye fomu. Kwa sababu ya swali hilo alijua ni nani alikuwa anakaanga soseji, ni nani alikuwa anamuaga mkewe mlangoni, na ni nani alikuwa amelala saa tano mchana ilhali ofisini kwake aliaga kuwa anaumwa.

Mwaka 1991 Holger Tofte akaanza kupiga simu. Holger alikuwa fundi wa kurekebisha sauti za piano, mjane, anakaa peke yake mtaa wa tatu kutoka kwenye uzio. Sikio lake lilikuwa tatizo lake. Watu wengine walisikia kelele. Yeye alisikia noti ya muziki, tena iliyopotoka. Alipiga simu kila siku ya kazi saa mbili kamili, dakika tuliyofungua, akiwa na orodha ya tangu alfajiri.

"Bi Ravnholt, ile ya saa kumi na mbili na dakika kumi leo imepita chini."

"Umejuaje, Bwana Tofte?"

"Bakuli la sukari limeimba. Ikipita juu, haliimbi."

"Na ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nalisikiliza bakuli, mama. Ningefanya nini kingine?"

Waliitana Bwana na Bi kwa miaka kumi na moja, katika nchi ambayo hata waziri anaitwa kwa jina alilopewa na mama yake. Walipoanza kuitana Jytte na Holger, ofisi nzima tulisikia. Siku hiyo Jytte alinunua keki.

Aprili 2010, volkeno ya Iceland ilipotapika majivu na anga ikafungwa, tulifikiri Jytte angepata likizo. Hatukuwahi kupokea simu nyingi kiasi hicho. Mbwa hawakutulia. Watoto wachanga hawakulala. Mama mmoja aligundua, baada ya miaka ishirini na sita ya ndoa, kwamba mumewe anakoroma, akataka kujua idara itachukua hatua gani. Holger alipiga saa mbili kamili kama kawaida.

"Jytte, kimya hiki kimeidhinishwa na nani?"

"Na volkeno, Holger."

"Andika basi kwamba nalalamika. Nasikia friji yangu. Iko nusu noti chini."

Akaandika.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa wasifu huu uandikwe na mtu mwingine. Mwaka 2012 tulipata mfumo mpya wa kompyuta na washauri wawili wa kutufundisha kuupenda. Washauri waligundua kwamba asilimia sitini na moja ya malalamiko yote ya mji yanatoka kwenye namba moja ya simu. Mkuu wa kitengo wakati huo, mtu mwenye bidii na tai mpya, aliandika barua ya kumzuia Holger Tofte asilalamike zaidi ya mara moja kwa mwezi, tena kwa maandishi. Barua ilihitaji saini ya mhusika wa simu. Mkuu huyo wa kitengo nilikuwa mimi.

Nilimpelekea mezani.

"Jytte, tia saini tu. Ni utaratibu."

Aliisoma yote, mpaka nembo ya chini. "Flemming, leo saa kumi na mbili na dakika kumi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nimelala."

"Mwenzio alikuwa macho. Aliyelala hawezi kumwandikia barua aliye macho."

"Mzee anatuharibia takwimu."

"Basi rekebisheni takwimu. Mzee mzima, atarekebishwa nini?"

Nilimpa barua ya onyo. Hapa kwetu onyo la kwanza ni karatasi, la pili ni mlango. Alikuwa na miaka hamsini na mitano na mkopo wa nyumba, na mjini hapakuwa na ofisi nyingine iliyotafuta mtu wa kulalamikiwa. Alilisoma onyo, akalikunja, akaniuliza kama nitakula sehemu yangu ya mkate wa mdalasini au aichukue yeye. Nilimwachia mkate, nikaenda kwenye mkutano.

Kumzuia Holger nilishindwa, lakini mfumo ulinisaidia: ulikubali lalamiko moja tu kwa nyumba moja kwa siku. La pili lilikataliwa kwa herufi nyekundu. Jytte hakubishana. Alienda dukani, akanunua daftari la shule lenye jalada la bluu kwa krona kumi na mbili zake mwenyewe, akaendelea kwa mkono: tarehe, saa, upande, noti, na Holger alikuwa anafanya nini. Daftari likijaa alinunua jingine. Niliyaona yakipangana dirishani, nikadhani ni ukaidi. Nilikuwa sahihi. Sikujua tu kwamba ukaidi nao una matumizi.

Mwishoni mwa mwaka 2014, walimu wa chekechea ya mtaa wa Holger walianza kusema kwamba watoto hawalali tena mchana. Kama kawaida yetu, watoto hulazwa nje ndani ya vigari vyao, hata theluji ikianguka, na hakuna anayeamka mpaka saa nane. Sasa walikuwa wanaamka wote kwa pamoja wakilia. Ikasemwa kwamba ndege za kampuni moja ya mizigo, ili kuokoa mafuta, zinakata kona juu ya paa za watu badala ya kwenda moja kwa moja mpaka baharini ndipo zigeuke. Kampuni ilikanusha. Tukaangalia kipima kelele rasmi. Kilikuwa kimeshushwa kwenye paa miezi tisa kabla, kupisha ukarabati wa paa, na kulala salama katika stoo yetu, ndani ya boksi lake, bila kusumbuliwa na kelele yoyote.

Mkutano wa wananchi ulifanyika Februari katika ukumbi wa utamaduni. Wakili wa kampuni alikuwa kijana mwenye adabu sana. Alisema anawahurumia wazazi, na yeye pia ana mtoto, lakini sheria inataka ushahidi, na tangu kipima kishushwe mji huu hauna rekodi hata moja ya kelele. Akanigeukia. "Au ninakosea?"

Nilikuwa nimekaa mezani mbele, chini ya bendera. Nikasema hakosei.

Jytte akainuka safu ya nyuma akiwa bado na kofia ya baiskeli kichwani. Alikuwa na kikapu cha baiskeli mkononi, na ndani yake madaftari kumi na saba ya bluu.

"Rekodi zipo," alisema. "Mfumo ulizikataa, kwa hiyo nikazikubali mimi."

"Ni rekodi rasmi, bibi?" wakili akauliza.

"Hapana. Hizi ni za kweli."

Ukumbi ulicheka, yeye hakucheka. Alifungua daftari la kumi na sita, akasoma kwa sauti ya kuagiza chakula. Tarehe tisa Oktoba, saa sita na dakika arobaini, kutoka kaskazini, imegeuka mapema, bakuli limeimba, mlalamikaji alikuwa anamenya viazi. Tarehe kumi Oktoba, saa sita na dakika thelathini na nane, vile vile, viazi vile vile. Alisoma kwa dakika ishirini. Ndege ikapita. Alinyamaza, sote tukanyamaza, wakili peke yake akaendelea kuongea na hakuna aliyemsikia. Kisha Jytte akaendelea na neno alipoachia.

Wasimamizi wa usafiri wa anga walichagua maandishi arobaini bila mpangilio, wakayalinganisha na picha za rada. Thelathini na nane yalikuwa sahihi, dakika kwa dakika. La thelathini na tisa lilikosewa tarehe, na hilo ni kosa la Jytte, alilikiri. La arobaini Holger mwenyewe alipiga simu kulifuta: ilikuwa mashine ya jirani ya kukata nyasi, na aliomba ndege iombwe radhi.

Kufikia kiangazi njia ilihamishwa. Ndege za mizigo sasa huenda moja kwa moja mpaka juu ya maji, hufuata pwani kuelekea kusini, ndipo zigeuke. Watoto wakalala. Nilitoa hotuba. Na katika ramani mpya, mstari mwekundu wa njia ya ndege ukapita juu kabisa ya bustani za kiangazi za kusini, vile viwanja vidogo vya mapumziko, kibanda namba 48, kibanda chekundu chenye stroberi na kiti kimoja cha kukunja, mali ya Jytte Ravnholt tangu 1998. Ndipo mahali pekee katika mji huu alipokuwa anapumzisha masikio.

Hakuna aliyepanga hivyo. Nimeulizwa mara nyingi, kwa hiyo naandika hapa.

Jytte aliandika lalamiko, kwa utaratibu, akalituma kwa idara. Likafika mezani kwake. Alijijibu ndani ya siku tano za kazi, kwa barua ya kawaida tunayowatumia wote, akijishukuru kwa ujumbe wake na kujijulisha kwamba njia hiyo imeidhinishwa kisheria. Chini aliongeza kwa kalamu: Pole sana, mwenzangu.

Siku iliyofuata, saa mbili kamili, simu ikalia.

"Jytte, nasikia wamekuhamishia wewe."

"Ndiyo, Holger."

"Saa ngapi?"

"Jioni, saa kumi na mbili kasoro robo. Viazi vipya vilikuwa ndio vimeiva."

"Upande gani?"

"Kaskazini."

"Ngoja nitafute kalamu," Holger akasema. "Na ulikuwa unafanya nini?"

Holger alikuwa amenunua daftari. Tangu siku hiyo, kwanza yeye alisema yake, Jytte akaandika. Kisha Jytte alisema yake, yeye akaandika. Tulisikia kicheko cha Jytte mpaka kwenye chumba cha kunakilia, na wakati mwingine tulimsikia akipenga pua. Mumewe alikuwa amefariki majira yale ya kuchipua. Ofisini sisi tulituma maua na kadi. Aliyemuuliza alikuwa anafanya nini ni mtu mmoja tu.

Kwa ajili ya wasifu huu nilifungua jalada lake, nikakuta barua mbili zimebanwa pamoja: onyo la 2012 na shukrani za mji za 2015. Saini zote mbili ni zangu. Jumanne nilimpelekea fomu ya kulifuta onyo, nikiwa nimechelewa miaka kumi na miwili tu. Fomu inahitaji saini yake.

"Iache, Flemming," alisema.

"Jytte, ni aibu."

"Ndiyo. Lakini ile ya shukrani mliinakili kutoka mahali, hata jina langu mlikosea. Ile ya onyo uliiandika mwenyewe."

Hakutia saini. Onyo lipo, na kisheria bado lina nguvu mpaka Ijumaa saa nane.

Ilikusudiwa simu ifungwe siku hiyo hiyo na nafasi yake ichukuliwe na fomu ya mtandaoni. Jytte alipoulizwa anataka zawadi gani, alisema hataki saa wala chombo cha kuwekea maua. Anataka simu ibaki, kwa muda wa saa moja kila asubuhi, ipokelewe na mtu. Holger ana miaka tisini na mitatu, macho yamekwisha, hawezi fomu. Baraza lilikubali, kwa sharti kwamba haliongezi mtu. Likatafuta ni nani ana nafasi. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kabla ya kustaafu, na kitengo changu kilivunjwa wakati wa Krismasi.

Wiki iliyopita alinipeleka kwa Holger. Tulikunywa kahawa, tukala mkate mweusi na samaki wa siki. Ndege ikapita, sote tukatulia, kisha mzee akanigeuzia uso.

"Hiyo ilikuwa nini?"

"Ndege," nikasema.

"Maskini mimi. Jytte, ndiye huyu?"

"Ndiye aliyebaki," Jytte akasema. "Mvumilie. Ana mwandiko mzuri."

Wenzako wa Idara ya Mazingira tunakushukuru, Jytte. Tunakutakia kiangazi kirefu katika kibanda namba 48, stroberi zilizoiva kwa wakati, na upepo unaozipeleka ndege upande mwingine. Upepo ukigeuka, piga. Tuko wazi saa mbili hadi saa tatu. Nitauliza ni saa ngapi, imetoka upande gani, na ulikuwa unafanya nini. Na nimeshanunua daftari.

Flemming Hedemann
Idara ya Mazingira, meza ya dirishani