Msikate Pale Niliponyamaza

Zimeni hiyo feni, wanangu, inashindania pumzi nami, na leo sina ya kugawana na mtu. Sogeeni. Kifungua mimba, kaa hapa karibu na mto, maana neno kubwa ni lako. Na wewe kitinda mimba, futa machozi, sijafa bado, na hata nikifa sitakuwa nimeshindwa.

Nyumba ni ya mama yenu mpaka mwisho wake, na asije mtu akamhamishia hata kiti. Saksafoni ni ya kitinda mimba. Usinikodolee macho, mwanangu. Mara ngapi nimekuta kale kaulimi ka mwanzi ka kupulizia kamelowa na mimi sijapuliza tangu juzi, nikanyamaza, nikafurahi peke yangu!

Mpiga piano wa bendi yetu msimfungie mlango siku ya mazishi. Najua mmerithi kinyongo changu, kwa kuwa alituacha akaenda kupigia watu hotelini wakila, lakini nilipomwambia kwenye simu kwamba kifua kinaniaga na jazi yetu haijarekodiwa, ile ya kuanza wote na wimbo mmoja, kisha kila mtu akashika njia yake na tukakutana mbele bila kuambiana wapi, alikuja studio na kandambili miguuni, hakungoja hata kuvaa viatu. Kinyongo hicho nimekizika mwenyewe, msikifukue.

Sasa albamu. Mlikuwa nyuma ya kioo, mliona. Katika wimbo wa mwisho, niliomtungia mama yenu, zamu yangu ikiwa imepamba moto, pumzi ilikatika. Mdomo upo, vidole vipo, sauti hakuna. Mpiga ngoma akapunguza mkono, mpiga piano akainua vidole, na mzee wa besi peke yake akaendelea taratibu, kama mtu anayemngoja mwenzake afunge kamba za viatu. Nikarudi! Nikarudi na noti moja tu, nzito, ya chini kabisa, mpiga ngoma akapiga kelele, “Huyoo!” na tukapiga vile ambavyo hata ujanani hatukuweza. Majirani waliosema namchuna paka akiwa hai, daktari aliyeniambia niitundike saksafoni ukutani, wote nimewashinda, wanangu, nimewashinda mchana kweupe!

Halafu fundi mitambo akasema, “Mzee, pale uliponyamaza nitapaondoa, hakuna atakayejua.” Nawe, kifungua mimba, ambaye albamu naiacha mikononi mwako, ukatikisa kichwa kukubali. Nilikuona. Najua ni mapenzi, hutaki watu wamsikie baba yako akishindwa. Lakini pale sikushindwa, mwanangu. Pale nilikuwa nangojwa. Ukikata pale, umewafukuza rafiki zangu. Niahidi, na wenzako wasikie.

“Sikati, baba.”

Kwa sauti, mimi si mgonjwa wa masikio.

“Sikati, baba!”

Ahsante. Nimeridhika nawe.

Haya, wekeni ule wa mwisho. Ongezeni sauti, majirani watavumilia tena. Mama yenu aje, ashike mkono huu... huu wa kushoto. Mungu awape watu wa kuwangoja, wanangu, nanyi mngojane. Radhi zangu... mnazo, zote.

Pumzi hiyo... inakwenda. Nikinyamaza, msikimbilie kulia. Subirini kwanza. Sikilizeni... besi.